Plasta kwenye Pua ya Baba

Siku ya tisa tangu Baba alazwe kwa kiharusi nilichukua chati yake ya chakula, nikakaa kwenye benchi la nje ya wodi, nikahesabu milo.

Agizo la daktari lilikuwa wazi: mililita 300 za chakula chepesi, mara 6 kwa siku. Saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku. Siku 9 ni milo 54. Iliyotiwa alama kwamba ameipata ilikuwa 35. Milo 19 haikumfikia, na si kwamba uji ulikosekana. Mama aliuleta kila alfajiri, uji wa wimbi na maziwa, ameuchuja kwa kitambaa safi mara mbili, umo kwenye thamosi yake nyekundu. Kilichokosekana ni njia ya kuupitisha. Mara mrija wa kumlishia, unaopita puani hadi tumboni, umechomoka. Mara umeteleza nusu. Mara umerudishwa lakini eksirei inangojwa. Mara unatakiwa mwingine mpya kutoka kemisti ya ng'ambo ya barabara, na kemisti imefungwa.

Nikazidisha. Kumi na tisa mara mia tatu ni mililita 5,700. Chukua ule mtungi wa manjano wa lita tano wa mafuta ya kupikia, ujaze uji pomoni, kisha weka vikombe viwili kando yake. Hicho ndicho chakula ambacho mzee wa miaka 72 hakukipata akiwa amelazwa hospitalini, katikati ya watu waliosomea kumhudumia, na mtoto wake wa kumzaa akiwa mmoja wao.

Mimi ni muuguzi. Huu ni mwaka wangu wa 11 Kisumu, kwenye wodi ya watu wazima, na mirija ya kulishia nimeipitisha kwenye pua za watu wengi hata mikono inaijua kazi yenyewe. Wodini tunauita NG tu, kifupi cha neno la Kiingereza nasogastric, yaani wa puani hadi tumboni. Jamaa za wagonjwa wanauita mpira. Unapima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, na kutoka hapo hadi mwisho wa mfupa wa kifua. Unatia alama. Unalainisha ncha, unamwomba mgonjwa ainamishe kidevu, unasukuma taratibu, anapomeza unasukuma tena. Ukishathibitisha kwamba umefika tumboni, unakata plasta, unabandika puani, unamwendea mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Plasta hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia. Miaka yote hiyo niliiona kama kamba ya kufungia gunia: kazi imekwisha, funga twende. Sikuwa nimeona kwamba njaa nyingi ya wodini huanzia pale.

Baba aliendesha trekta la kubebea miwa Mumias tangu kiwanda kilipoanza kusaga, 1973, mpaka mgongo ulipomkataa. Ananiita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na mimi namwita Baba. Kiharusi kilimpata asubuhi akifungua zizi. Upande wake wote wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, lakini maneno yake yalikuwepo na akili yake ilikuwepo, isipokuwa usiku, ambapo alitangatanga kidogo na kuwaita watu waliokwisha kufa. Kumeza ndiko kulikoharibika. Kijiko kimoja cha maji kilimpalia mpaka macho yakamtoka. Karibu nusu ya watu wanaopata kiharusi hupata tatizo hilo siku za mwanzo, na wengi wao hurejewa na uwezo wa kumeza ndani ya wiki chache. Mrija ni daraja la kuvukia wiki hizo. Usipokuwepo, mtu anayevuka anaanguka mtoni kwa sababu ya njaa na kiu, wala si kwa sababu ya kiharusi chenyewe.

Alilazwa katika hospitali moja ya upande wetu wa magharibi, karibu na nyumbani, ili Mama aweze kwenda na kurudi kwa boda. Mimi niliomba likizo, nikapanda matatu kutoka Kisumu, nikapita Maseno na Luanda nikiwa sioni njia. Nilimkuta na mrija namba 14 puani. Namba hizo ukizigawa kwa tatu unapata unene kwa milimita, kwa hiyo wa Baba ulikaribia milimita 5. Kwa kulishia tu, namba 8 hadi 12 hutosha, nayo hulainika vizuri kooni. Lakini kemisti walikuwa na 14 na 16, na mtu hulishwa kwa kilichopo.

Ukienda kemisti za kwetu kuulizia mrija huu, wengi watakwambia jina lake ni Ryle's. Huyo alikuwa daktari Mwingereza, John Alfred Ryle, ambaye miaka ya 1920 aliutumia kuvuta majimaji ya tumboni ili ayapime. Uingie, uchukue, utoke. Sisi tunautaka ukae wiki mbili puani mwa mtu anayekohoa, anayepiga chafya, anayegeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili, anayeota. Tena tunautegemeza kwa kipande cha plasta kwenye ngozi ya pua, mojawapo ya sehemu za uso zinazotoa mafuta mengi. Ukilifikiria jambo hilo hivyo, utashangaa kwamba mrija huwa unakaa hata kidogo.

Wa Baba ulitoka mara 6 kwa siku 9. Mara mbili aliuvuta mwenyewe usiku. Mara moja ulitoka alipokuwa akibadilishiwa shuka. Ncha yake ilikuwa imepitishwa chini ya mto, walipomgeuza mto ukabaki na mrija. Mara moja aliutapika. Mara moja uliziba kwa dawa iliyopondwa vibaya, ukasukumwa kwa nguvu mno na sirinji, ukalazimika kutolewa. (Maji ya uvuguvugu, wapendwa. Mililita 30 kabla ya chakula na 30 baada yake, na ukiziba ni maji ya uvuguvugu tena, kwa subira, ukivuta na kusukuma pole pole. Soda haisaidii, huigandisha maziwa ndani.)

Mara ya sita ndiyo nisiyoisahau, kwa sababu mrija haukutoka wote.

Ilikuwa saa sita mchana. Binamu yangu alikuwa ameshafundishwa kulisha, naye alifanya kwa uangalifu: kitanda kimeinuliwa, sirinji imeunganishwa, uji umepoa. Mrija ulionekana upo mahali pake, plasta ipo. Nilikuwa nimetia alama kwa kalamu isiyofutika pale unapoingia tunduni, na nikaandika kwenye chati: sentimita 58. Nikatazama alama yangu, haikuwa tunduni. Ilikuwa inaning'inia hewani, mbali na pua. Nikasoma namba zilizochapishwa kwenye mrija: 47. Sentimita 11 zilikuwa zimeteleza nje bila mtu kujua, plasta ikiwa imeshika ngozi ya pua lakini haikushika mrija. Huenda ncha haikuwa tumboni tena. Huenda ilikuwa imepanda kwenye njia ya chakula, juu ya mlango wa tumbo, ambako uji unaweza kurudi juu na kuingia njia ya hewa, na binamu yangu alikuwa na mililita 300 za uji mkononi.

Nikamwambia, "Ngoja, ngoja kidogo," kwa sauti ambayo hakuwahi kunisikia nikiitumia.

Mrija uliotoka kabisa unajieleza. Kila mtu anauona umelala juu ya blanketi. Mrija ulioteleza nusu haujielezi. Ndio unaopeleka uji mapafuni. Ndiyo maana alama ya kalamu na namba iliyoandikwa kwenye chati si mapambo. Kabla ya kila mlo, kabla ya kila dawa, tazama namba. Ikiwa imesogea, usilishe na usiusukume ndani kwa kukisia. Mwite sista.

Na kuthibitisha nako kuna mazoea yetu ambayo yanapaswa kuachwa. Wengi tulifundishwa kupuliza hewa kwa sirinji huku tukisikiliza tumbo kwa stetoskopu: ukisikia mvumo, uko tumboni. Mvumo huo husikika pia mrija ukiwa kwenye pafu, kwa sababu sauti husafiri. Shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza lilitoa tahadhari 2005 kwamba njia hiyo isitegemewe. Kinachofaa ni kuvuta majimaji kidogo na kuyapima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha kiasi cha asidi: 5.5 au chini ya hapo ni asidi ya tumbo. Kama mgonjwa anatumia dawa za kupunguza asidi, kipimo kinaweza kupanda juu ya hapo hata mrija ukiwa mahali pake, na hapo eksirei ya kifua ndiyo inayoamua. Niliwahi kupuliza hewa mara nyingi sana katika ujana wangu wa kazi. Sipulizi tena.

Sasa nirudi siku ya sita, ambayo nimeiruka kwa sababu inaniuma.

Nilifika asubuhi nikakuta mkono wa kulia wa Baba, ule mzima, umefungwa kwa bandeji kwenye reli ya kitanda. Fundo lilikuwa safi, la mtu aliyefundishwa. Aliyelifunga alikuwa ameshinda usiku kucha na wagonjwa 32 na msaidizi mmoja, na mzee wangu alikuwa ameshang'oa mrija mara mbili kwa zamu yake. Sikumlaumu kwa sauti, na leo sitataja hospitali. Lakini nilisimama pale nikamtazama mtu aliyeamrisha trekta lenye matela mawili ya miwa kupanda mlima wa matope, hawezi kujikuna. Mkono wa kushoto kiharusi kilikuwa kimeuchukua. Wa kulia tulikuwa tumeuchukua sisi.

Akaniambia, kwa ule ulimi mzito, "Mama, nimekosa nini?"

Nilifungua fundo. Na kwa mara ya kwanza, baada ya miaka 11 ya kazi hii, nikauliza swali ambalo lingefaa niulize tangu mgonjwa wangu wa kwanza. Nilikuwa nikiuliza: tutauzuiaje mkono usifike puani? Nikauliza: mkono unafuata nini puani?

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na kumwangalia. Mkono wake haukwenda puani ovyo. Ulikwenda wakati fulani, na kila mara kulikuwa na sababu. Ulikwenda alipokauka kinywa. Nilipompangusa midomo na ulimi kwa pamba iliyoloweshwa maji ukarudi kifuani. Ulikwenda alipotaka haja ndogo na hakujua kuitaja. Ulikwenda mara nyingi zaidi kwa ajili ya muwasho: alikuwa na masharubu, anayapenda, ameyafuga tangu nikiwa mtoto, na kipande cha plasta kilikuwa kimebandikwa juu ya mdomo kikishika masharubu na mrija pamoja. Kila alipogeuza kichwa, nywele zilivutwa. Nani asingeuondoa mkono wa anayemng'oa masharubu?

Kisha nikaona jambo lingine, jepesi mpaka nikaona haya. Mrija ulikuwa umepitishwa shavu la kulia na kushuka kifuani mwake, mbele ya macho yake, upande ule ule wa mkono mzima. Tulikuwa tumemwekea kamba mkononi kisha tukashangaa anaivuta.

Basi nilijua sababu za kuvuta. Bado sikujua sababu ya kuteleza. Plasta ilikuwa ya kawaida, ile nyeupe ya roli tunayotumia kila mahali. Ilibandikwa asubuhi, ikifika jioni imejikunja pembeni kama jani la ndizi lililokauka. Kisumu nimezoea kulaumu joto. Wodi zetu mwezi wa pili mtu anatoka jasho akiwa amelala tu, na plasta haipendi jasho. Lakini kule kwa Baba kulikuwa na mvua kila alasiri, wodi ina ubaridi, na plasta iliachia vile vile.

Jibu lilikuja na thamosi nyekundu. Mama aliingia alfajiri ya siku ya kumi, akaweka vitu vyake, akanawa mikono. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akampangusa Baba uso, macho, nyuma ya masikio, shingo. Kisha akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya mgando, akachota kwa vidole viwili, akayasugua kwenye viganja mpaka yakayeyuka, akaanza kumpaka. Paji la uso. Mashavu. Akashuka na kidole gumba juu ya pua, kandokando ya plasta, mpaka kwenye kingo zake, akirudia rudia, kwa upole ambao sitauandika ukatosha.

"Watu wa kanisa wanakuja saa nne," akaniambia. "Sitaki wamkute amepauka."

Miaka 46 ya ndoa. Amemwona akitoka nyumbani kila asubuhi akiwa amepakwa mafuta na kola imenyooka, na hakuwa tayari kumwacha apauke kwa sababu tu amelala kwenye kitanda cha serikali. Na mafuta yale, kila asubuhi, yaliingia chini ya plasta na kuiachilia.

Sikujua nimwambieje. Angesikia kwamba ndiye aliyemnyima mume wake chakula, naye ndiye aliyeuchuja uji mara mbili. Nilingoja amalize. Kisha nikamwambia, "Mama, nataka unisaidie kazi moja. Naweza kuifanya peke yangu lakini wewe unaujua uso wake." Nikaomba ruhusa kwa sista mkuu wa wodi, akanipa, hata akanitumia msichana mmoja aliyekuwa katika mafunzo aje aangalie.

Tulifanya hivi. Nilimuuliza Baba kwanza kuhusu masharubu. Akafikiri, akasema, "Punguza, usinyoe." Nikayapunguza kwa makasi na kuahidi kwamba plasta haitagusa mdomo tena. Mrija mpya ulipita tundu la kushoto, ukapimwa, majimaji yakavutwa, karatasi ikaonyesha 4. Mama alishika mrija usisogee. Nikaosha pua na shavu la kushoto kwa sabuni na maji ya uvuguvugu ili mafuta yote yatoke, nikasuuza, nikakausha, nikangoja. Kungoja ndiko tunakokuruka. Ngozi ikiwa na unyevu hata kidogo, plasta inabandika maji wala haibandiki ngozi.

Nikakata plasta ya upana wa sentimita 2.5, urefu kama kidole cha kati na zaidi kidogo, karibu sentimita 10. Nikaipasua katikati kutoka chini hadi nusu, ikawa suruali: kiuno juu, miguu miwili chini. Kiuno kikakaa juu ya mgongo wa pua. Mguu wa kwanza nikauzungusha kwenye mrija ukishuka kuelekea kulia, wa pili ukishuka kuelekea kushoto, kama mtoto anayeparamia mnazi kwa miguu yote miwili. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kipande kimoja kilichowekwa juu kinashika pua. Suruali inashika mrija. Ncha za miguu nikazikunja kidogo zisijibandike, ili kesho mtu apate pa kushika bila kukwangua. Nikahakikisha mrija unaning'inia katikati ya tundu bila kuegemea ukuta wa pua, kwa sababu ukiegemea siku tatu ngozi inaoza kidonda cheusi, na kidonda hicho nimekiona kwa wagonjwa wangu.

Kisha shavuni, la kushoto, lililolala. Plasta moja kwenye ngozi, mrija juu yake, plasta nyingine juu ya mrija. Mama akasema, "Kumbe godoro na blanketi." Tangu siku hiyo nafundisha kwa maneno hayo. Mrija ukapanda nyuma ya sikio la kushoto, ukashuka mgongoni mwa bega, ukaachiwa ulegevu wa kutosha kugeuza kichwa, ukafungwa kwenye kola ya pajama kwa kipande cha plasta na pini. Mbele ya macho yake hapakuwa na kitu. Mkononi mwake wa kulia nikaweka taulo ndogo iliyoviringishwa, na mkono ukawa na cha kushika.

Mwisho nikachukua kalamu ya alama, nikapiga mstari tunduni, nikaandika namba kwenye chati na kwenye kipande cha plasta ukutani juu ya kitanda: 58. Nikamwonyesha Mama mipaka kwa kidole. "Paji la uso ni lako. Shavu la kulia ni lako. Kidevu, masikio, shingo. Hapa puani na hapa shavuni, niachie mimi." Akarudia mipaka ile kwa kidole chake mwenyewe, bila kumgusa. Akaniuliza, "Ni mafuta?" Nikamjibu ndiyo, ni mafuta kidogo, na masharubu, na sisi wauguzi tulioweka mrija upande wa mkono wake. Akanyamaza. Kisha akachukua kichupa, akampaka shingo.

Plasta tulibadilisha kila asubuhi baada ya kuoga, kabla ya mafuta, watu wawili, mmoja kashika mrija. Siku 8 zilizofuata zilikuwa na milo 48. Alikosa 2, na zote mbili ni kwa sababu ya kipimo kilichotaka awe na tumbo tupu.

Kuna kifaa kinachofanya kazi hii kwa namna nyingine, nami sijawahi kukishika. Kinaitwa hatamu, kama ya farasi. Vijiti viwili vyembamba vyenye sumaku kwenye ncha hupitishwa kila kimoja tundu lake, vinakutana nyuma ya mfupa unaogawa pua, vinavuta utepe mwembamba ukazunguka mfupa ule, kisha utepe unabanwa kwa kibanio kwenye mrija. Mgonjwa akivuta, anahisi anavuta pua yake mwenyewe, anaacha. Hakifai kwa aliyevunjika pua au fuvu, na kwa mtu aliyechanganyikiwa sana anayevuta bila kusikia maumivu kinaweza kumjeruhi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2010 ulifuatilia wagonjwa 104 wa kiharusi, nusu wakiwa na kitanzi cha namna hiyo na nusu plasta. Wenye kitanzi walipata chakula na maji zaidi kwa asilimia 17, na mgonjwa wa kawaida kati yao alihitaji mrija 1 katika wiki mbili, wa plasta 4. Baada ya miezi mitatu hali zao hazikutofautiana, na jambo hilo lisemwe pia.

Niliposoma namba hiyo ya 4 nilimkumbuka Baba na mirija yake 6. Naam, ningefurahi hatamu zikifika kwenye wodi zetu. Lakini plasta nayo haijapewa nafasi yake bado. Tunaihukumu kwamba haishiki, ilhali tunaibandika juu ya mafuta, juu ya jasho, juu ya masharubu, kwa sekunde ishirini, huku kengele inalia kitanda cha saba. Ipe ngozi kavu na dakika tano uone.

Niliporudi Kisumu nilibadilisha mambo machache kwenye wodi yangu, kwa makubaliano na wenzangu. Trei ya NG sasa ina sabuni, chachi kavu, makasi na kalamu ya alama, na mrija hautoki kwenye stoo bila vitu hivyo. Kwa wale wanaotoka jasho jingi tunabadilisha plasta mara mbili kwa siku, na pale ilipo tunapaka kwanza tinktcha ya benzoini, dawa ya majimaji inayosaidia plasta ishike. Mrija unakwenda upande wa mkono uliolala. Jamaa wakija tunawauliza wanampaka nini usoni na saa ngapi, na hatuwaulizi kama polisi. Namba ya sentimita tunairithishana mdomo kwa mdomo wakati wa kupokezana zamu, pamoja na presha na joto. Na mkono wa mgonjwa ukitaka kufungwa, anayetaka kuufunga aandike kwanza ulikuwa unafuata nini. Mara nyingi akishaandika anakuta kuna kitu kingine cha kufanya.

Haya yote yanaongeza muda, na muda hatuna. Usiku wa wagonjwa 32 ninaujua kutoka ndani. Ila kuurudisha mrija uliotoka, kuupima, kungoja eksirei, kumpigia jamaa anunue mwingine, huo nao ni muda, tena mrefu, na mgonjwa anaulipa kwa tumbo lake.

Siku ya 17 daktari alimpima Baba kumeza. Kijiko cha maji, akangoja. Kingine. Sauti haikubadilika, hakukohoa. Uji mzito kidogo, kijiko kimoja, akaumeza na kufumba macho. Tukasubiri mpaka jioni, akala nusu kikombe kwa kijiko, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya mkono wa Mama ulioshika kijiko. Daktari akasema mrija utoke.

Plasta ya mwisho ilikuwa imeshika sana. Ngozi ya mzee ni nyembamba, ukivuta kavu unaondoka nayo. Nikamwomba Mama kichupa. Akanitazama, akakifungua, akachota kwa vidole viwili, akasugua viganjani mpaka yakayeyuka, akaanza kwenye kingo, akirudia rudia, mpaka kiuno cha suruali kikanyanyuka chenyewe. Nikabana mrija na kuuvuta kwa pumzi moja. Palibaki alama nyeupe juu ya pua yake, upana wa sentimita mbili na nusu. Mama akaipaka nayo, puani na shavuni, mpaka uso wote ukawa rangi moja.

Baba akajipapasa pua, akajikuna masharubu kwa muda mrefu, kisha akauliza thamosi iko wapi.